Sikio Lilitoka Kengeleni

Nimeishi kwa piano maisha yangu yote ya kazi. Nimeipiga harusini, nimewasindikizia waimbaji, nimeifundisha kwa watoto wa watu, na katikati ya hayo nikaenda kuisomea shahada ya uzamili Budapest, Hungaria, katika chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1875 na Franz Liszt akawa rais wake wa kwanza. Watu wakisikia hivyo huniangalia vidole. Vidole vina habari yake, na nitaieleza. Lakini kazi yangu imesimama juu ya sikio, na sikio hilo sikulipata Ulaya.

Nililipata Mombasa, mtaa wa Kengeleni, ng'ambo ya kisiwa. Mtaa huo unaitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Frere Town, makao ambayo wamisionari wa CMS waliyajenga katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Hakujua noti za mistari mitano na hakuzihitaji. Alikuwa na ubao, chaki na solfa: herufi d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili za kutenganisha mapigo, vistari vya kurefusha sauti. Safu nne, moja juu ya nyingine: soprano, alto, tena, besi. Katika solfa hii do huhama. Wimbo ukipandishwa, do hupanda nao. Ukishushwa kwa kuwahurumia wazee wa besi wenye mafua, do hushuka nao, na uhusiano wa sauti haubadiliki. Kabla sijajua kuandika insha, niliweza kutazama safu ya alto na kuiimba huku besi ikinguruma mgongoni mwangu, nisipotee.

Piano ya kwanza niliyoizoea ilikuwa ya wima, katika ukumbi wa shule ya sekondari. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wake kwa jumla hukaribia tani 20. Ndiyo maana ndani yake mna fremu ya chuma. Hewa ya pwani haiwezi kuivunja fremu hiyo, lakini mbao huzifanya itakavyo. Msimu wa mvua vibonye vilivimba vikakwama, na nyuzi zilipata kutu ya chumvi. Nilijifunza mapema ni vibonye gani vya kuvikwepa, na nyimbo nyingine nilizihamishia ufunguo mwingine ili vilivyokufa visihitajike. Mtoto wa solfa haoni taabu kuhamisha ufunguo.

Nairobi ndiko nilikojifunza noti za mistari mitano kwa dhati, nikafanya mitihani ya ABRSM, ile ambayo watahini wake hutoka Uingereza na kukaa kimya wakiandika huku wewe ukitokwa jasho. Nilipomaliza Gredi ya 8 mwalimu mmoja aliniambia sasa niitupe solfa, kwa kuwa ni magongo, na aliyepona hatembei na magongo. Nilinyamaza. Mchana nilisoma shahada ya muziki, jioni nilifundisha, Jumamosi nilipiga harusini. Malipo ya harusi huja kwa bahasha, na ndani ya bahasha mara nyingi mna ahadi.

Ufadhili niliopata unaitwa Stipendium Hungaricum. Serikali ya Hungaria iliuanzisha mwaka 2013: karo hulipwa, unapewa nafasi ya bweni na posho ya kila mwezi. Shangazi alipopata habari alikuja nyumbani kabla hajavua baibui la safari.

“Sasa mwanangu, ndiyo uende Ulaya kwa ajili ya kinanda? Mwenzio ameenda kusomea udaktari.”

Baba akamjibu kwa niaba yangu, “Dada, hata madaktari huzikwa kwa nyimbo.”

Chuo kipo katika uwanja wenye jina la Liszt mwenyewe, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1907, na sanamu yake imeketi juu ya mlango mkuu. Béla Bartók alifundisha piano katika chuo hicho kuanzia mwaka huohuo hadi 1934. Ukitembea kwenye korido zake ukiwa umebeba noti za Bartók, unajisikia kama mgeni aliyekuja kumweleza mwenye nyumba mahali vyumba vilipo.

Mwalimu wangu tulimwita Tanárnő, kama wanafunzi wa huko wanavyowaita walimu wao wa kike. Alifundisha mbele ya wanafunzi wengine, desturi aliyoishika Liszt: unarekebishwa hadharani, na anayekusikiliza leo atarekebishwa kesho. Wenzangu wengi walianza piano wakiwa na miaka mitano au sita, wengine Hungaria, wengine Korea, China na Japani. Kwa kasi ya vidole hapakuwa na ushindani. Walikuwa wameshafika kabla mimi sijaondoka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuuzoea mtambo. Katika piano ya wima, kibonye sharti kirudi karibu hadi juu ndipo nyundo iwe tayari kupiga tena. Piano ya mlalo ina ufundi uliosajiliwa na Sébastien Érard mwaka 1821: nyundo huweza kupiga tena hata kibonye kikiwa kimepanda nusu tu. Mimi nilizoea kuinua kidole na kukishusha, maana bila hivyo piano ya shuleni haikutii. Tanárnő alinitaka nisikiachilie kibonye. Kidole kibaki kimekigusa, na nguvu itoke kwenye uzito wa mkono mzima tangu begani. Nilirudishwa kupiga noti moja moja, polepole, majuma kwa majuma. Usiku mkono uliuma mahali ambapo sikujua kuwa pana msuli.

Kisha akanipa Bach, fuga ya sauti tatu. Nilipoipiga alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sauti ya katikati umeipiga, hukuisikia. Piga ya juu na ya chini. Hiyo ya katikati iimbe.”

Zoezi hilo huwaliza wengi. Nikapiga soprano na besi, nikaimba ya katikati, na kwa kuwa mdomo wangu haukujua njia nyingine, niliimba kwa do, re, mi. Ukurasa mzima. Tanárnő hakunisimamisha. Tulipofika ukurasa wa pili alianza kuimba sauti ya juu, naye kwa do, re, mi, do yake ikiwa palepale ilipokuwa yangu.

Baadaye ndipo nilipoisoma historia ya solfa hiyo. Bibi mmoja wa Norwich, Sarah Glover, alibuni mfumo huo. Mchungaji John Curwen akauendeleza katika karne ya 19, akaongeza ishara za mikono. Wamisionari wakaubeba hadi Afrika, kwa sababu haukuhitaji ala wala vitabu vya gharama, ukafika kwenye ubao wa baba. Njia ya pili ilielekea Hungaria. Zoltán Kodály aliukuta Uingereza, akauona unafaa, na mbinu hiyo, pamoja na ishara za mikono, ikawa nguzo ya elimu ya muziki nchini mwake. Huko mtoto huimba kwanza, ala hufuata. Ile solfa ambayo Nairobi niliambiwa niitupe, Budapest ni somo lenye mtihani wake, na wapigaji piano wa kiwango cha juu hawaukwepi. Darasa hilo ndilo pekee ambalo wenzangu walikuwa wakija bwenini kwangu kuliombea msaada, nami nikilipwa kwa chakula.

Sikio, hata hivyo, halipigi piano. Hilo nililiona wazi nilipoanza Sonata ya Liszt katika ufunguo wa B minor, aliyoimaliza mwaka 1853. Inachukua karibu nusu saa bila kituo, na mada zake chache hubadilishwa sura kila mara: tishio la ukurasa wa kwanza hurudi baadaye likiwa wimbo wa mahaba. Nilizitambua mada zote, nikaweza kuziimba barabarani. Oktava zake zilinishinda kwa miezi. Nilikuwa wa kwanza kumwomba bawabu ufunguo wa chumba cha mazoezi, glavu mkononi, na kwa dakika za mwanzo nilishika mabomba ya moto badala ya piano. Majira ya baridi mabomba hayo hukausha mbao na sauti ya piano hushuka, kinyume kabisa cha mbao za kwetu zinazovimba kwa unyevu. Mlinganisha nyuzi wa Mombasa na wa Budapest wana adui mmoja. Amebadilisha nguo tu.

Nilipochoka nilikwenda mtaa wa Vörösmarty, katika nyumba ambamo Liszt aliishi tangu 1881, sasa makumbusho. Mna meza yake ya kutungia, yenye droo inayovutwa na ndani yake vibonye vya oktava tatu, iliyotengenezwa na Bösendorfer. Ilinipa nguvu kuliko sanamu zote. Mtu aliyeitikisa Ulaya kwa vidole alikuwa na meza ya kazi kama fundi mwingine yeyote, na zana yake ilikuwa karibu na mkono.

Katika onyesho langu la kuhitimu nilipiga Bach, sonata hiyo, na Suite ya Bartók, Opasi 14, ya mwaka 1916. Hiyo ya mwisho niliichagua mwenyewe. Mwaka 1913 Bartók alikwenda Biskra, Algeria, akanasa nyimbo za Waarabu kwa fonografu, na sehemu ya tatu ya Suite imebeba athari za safari hiyo: mduara usiopumzika, unaorudi palepale huku wimbo mfupi ukipita juu yake. Si taarabu, wala Bartók hakufika kwetu. Lakini aliyelelewa Mombasa, jirani akifungulia udi na fidla mpaka usiku wa manane, hahitaji kuelezwa kwa nini mduara kama huo haupaswi kuharakishwa. Tanárnő alisema katika sehemu hiyo hakuwa na la kunifundisha. Kuhusu oktava za Liszt alikuwa na mengi.

Nilirudi Nairobi na kazi ni ileile: kufundisha, kusindikiza, harusi. Bahasha zimenenepa kidogo. Vijana wanaotaka kwenda nje huja kuniuliza wajiandae vipi. Nawaambia mambo manne: jifunze lugha ya huko ya kutosha kununulia mkate, tafuta piano ya mlalo uizoee hata kwa saa moja kwa juma, anza kipande kigumu mwaka mzima kabla ya usaili, na usiache kwaya. Matatu ya kwanza huyaandika. La nne hutabasamu tu, kwa hiyo ndilo ninalowapimia. Nawawekea fuga ya sauti tatu, wapige mbili na kuimba moja. Anayeweza, namwandikia barua ya mapendekezo siku hiyohiyo. Asiyeweza, namwelekeza kwenye kwaya iliyo karibu na kwao. Mazoezi huwa Jumamosi alasiri, na karo hakuna.