Safari ya Mombasa: Sarufi Pekee Haitoshi

Kutoka Kampala hadi Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilifunga safari hiyo kwa basi, kupitia Malaba na Nairobi, pamoja na baba yangu, askari polisi mstaafu. Ukoo ulikuwa umetutuma kumposea mdogo wangu, aliyepata kazi katika mji huo na kumpenda binti wa Mji wa Kale. Dini yetu na yao ni moja. Lugha pia niliidhani ni moja.

Nakiri kwamba njiani nilikuwa na wasiwasi juu ya baba. Kiswahili chake alikipata kambini, miongoni mwa askari wa makabila mengi. Hakijui ngeli wala hakijali upatanisho. Mimi nilikisoma katika chuo cha ualimu, nikapata cheti. Tulipopita Voi nikamwambia, "Baba, huko niachie mimi kusema." Akanyamaza, akatazama nje ya dirisha.

Mji wa Kale uko ubavuni mwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Vichochoro vyake ni vyembamba, milango imetiwa nakshi, na nje ya nyumba kuna baraza ambapo wazee huketi jioni kunywa kahawa chungu. Mwenyeji wetu, babu yake binti, alitupokea mlangoni akisema, "Ndooni, ndooni!" Nami nikatazama chini kutafuta ndoo za maji. Kumbe kwa Kimvita, usemi wa wenyeji, "ndoo" ni "njoo", na "ndia" ni "njia". Kiswahili nilichofundishwa msingi wake ni Kiunguja, kilichoteuliwa kuwa sanifu katika mkutano uliofanyika humo humo Mombasa mwaka 1928. Hayo niliyajua kwa ajili ya mtihani; masikio yangu hayakuwa na habari nayo.

Kosa hilo lilikwisha kwa kicheko. La pili lilikuwa zito. Posa yetu ilipokelewa kwa mahamri, mbaazi za nazi na maneno ya upole. Kisha mzee akasema kwamba jamaa watashauriana, binti naye aulizwe, ndipo jibu lije. Kwetu Uganda, mara nyingi siku ya kutambulishana mambo huwa yamekwisha kupangwa. Wasemaji hushindana kwa maneno, na wageni huondoka na jibu lao. Nikaona tunakataliwa. Nikasema, kwa sarufi safi kabisa, "Mzee, tunahitaji jibu kabla ya kesho asubuhi, kwa kuwa likizo yangu inakwisha."

Chumba kikawa kimya. Mzee akaweka kikombe chini. Nilikuwa nimezungumzia mjukuu wake kama faili la ofisini.

Hapo baba akainuka, akainama mbele ya mwenyeji na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, mzee. Samahani. Hii mtoto yangu nasoma mingi, lakini kungoja yeye hapana jua. Sisi nakuja kuomba, hapana kukamata mtu."

Mzee akaitika, "Marahaba," kisha akacheka hata machozi yakamtoka. Akamketisha baba kando yake, na wawili hao wakazungumza hadi usiku. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, nalo lilikuwa la heri.

Wahenga walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nchini Uganda Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ni jambo jema. Watoto wetu watajua ngeli kuliko wazee wao wa kambini. Wajue pia kuomba, kungoja, na kusoma uso wa mwenyeji. Na wasiwaonee haya waliokibeba Kiswahili miaka yote hiyo bila cheti.

Wakati wa kurudi, tulipofika Voi, nilimwomba baba anieleze jinsi alivyojifunza lugha hii. Alianza na siku yake ya kwanza kambini. Tulipofika Malaba, alikuwa bado hajamaliza.