Ufunguo Ambao Sina

Seva ninayoitunza sijawahi kuiona kwa macho. Iko Nuremberg, Ujerumani. Mimi niko Dar es Salaam, nasoma shahada ya uzamili. Ukiniuliza inafanya nini, nitakujibu kwamba inalinda akiba ya kaka yangu. Kisha itanibidi nijisahihishe haraka, kwa sababu akiba yenyewe haimo ndani yake.

Kaka ni mtoto wa mama mkubwa. Yuko Muskati, fundi wa viyoyozi, mwaka wa kumi na moja sasa. Ndiye mwenye masternodi ya Dash, sarafu ya kidijitali iliyoanza Januari 2014. Dash ina wachimbaji wanaotengeneza bloku kama ilivyo kwa Bitcoin, ila ina tabaka la pili: kompyuta zinazothibitisha miamala ya papo kwa papo na kupigia kura matumizi ya mfuko wa pamoja. Hizo ndizo masternodi. Anayetaka kuwa nayo lazima aonyeshe Dash 1,000 zilizotulia mahali pamoja kama dhamana. Hakabidhi mtu yeyote. Akizihamisha tu, jina lake linatoka kwenye orodha. Akizituliza, foleni ikimfikia anapata fungu la malipo ya bloku.

Desemba 2017 Dash moja ilipita dola 1,400. Mwanzoni mwa 2024, tulipoanza kazi hii, ilikuwa chini ya dola 40. Kaka alinunua kidogo kidogo baada ya bei kuanguka, lakini hata kwa bei hiyo elfu moja ni akiba ya miaka kumi ya kupanda mapaa ya watu juani.

Kazi yangu ilikuwa seva. Nilikodi, nikaweka Ubuntu, nikazuia mtu kuingia kwa nywila, nikafunga milango yote ya mtandao isipokuwa wangu na ule namba 9999 ambao Dash huutumia. Nikapakua programu, nikahakiki sahihi yake kabla ya kuifungua, nikaiacha ivute daftari zima la miamala tangu 2014. Kisha nikatengeneza funguo mbili za mwendeshaji. Wa siri ukabaki kwenye seva. Wa hadharani nikampelekea kaka, akausajili kwa pochi yake kule Muskati.

Hapo ndipo nilipoupenda mpangilio huu. Mwenye mali ana ufunguo wake, mpiga kura wake, mwendeshaji wake. Wangu unaiwezesha seva kusema "nipo" kwa niaba ya kaka, basi. Siwezi kuchota hata senti. Ujira wangu ni asilimia iliyoandikwa ndani ya muamala wa usajili, mtandao unanilipa moja kwa moja. Kaka hahitaji kunikumbuka, mimi sihitaji kumkumbusha. Anayejua madeni ya ndugu ataelewa raha yake. Ndiyo inayonilipia sehemu ya ada.

Seva ikizembea, mtandao unaipa alama za adhabu. Zikifika kikomo inafungiwa na malipo yanakatika mpaka itangazwe upya. Dhamana haiguswi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota. Kaka akanipigia simu ya kawaida.

"Mdogo wangu, mashine iko hai?"

"Siioni, kaka. Lakini yenyewe haipiti kwetu. Hebu iangalie wewe kwenye orodha."

Akaangalia. Alama za adhabu sifuri. Seva ilikuwa kazini, wachimbaji walikuwa kazini, dunia nzima iliweza kuiona isipokuwa mlinzi wake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa hiyo wewe ukizimika inaendelea," akasema. "Na mimi nikizimika?"

Nikanyamaza. Akaendelea, akasema intaneti ikirudi atanitumia kwa WhatsApp yale maneno 24 ya kurejesha pochi. "Wewe ndiye unayeyajua mambo haya."

Nikamwambia asithubutu. Nikiwa na maneno yale, mimi au mwizi wa simu yangu, tunaweza kuhamisha kila kitu kwa dakika chache. Tumetenganisha funguo makusudi ili mlinzi asishike hazina.

"Sawa," akasema. "Sasa niambie wifi yako ataenda ofisi gani."

Sikuwa na ofisi ya kumtajia. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Na hata hakimu wa mirathi akiwa upande wako, amri yake haifungui pochi isiyo na maneno. Mtandao ule haujui mjane ni nani. Kaka akifa na maneno yake kichwani, Dash 1,000 zitabaki zikionekana na kila mtu, seva yangu itaendelea kusema "nipo", na malipo yatamiminika kwenye pochi ya marehemu.

Alipokuja likizo aliyaandika kwa mkono, bila kuyapiga picha. Akayatia kwenye bahasha, akaifunga, akaandika wasia kwamba ifunguliwe mbele ya wifi na mimi tukiwa pamoja, asiwepo mmoja peke yake. Akaenda kumkabidhi mama mkubwa. Darasani nafundishwa kwamba mitandao hii imetuondolea haja ya kumwamini mtu. Mama mkubwa hakuuliza Dash ni nini wala ni shilingi ngapi. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaipima uzito, akauliza:

"Hii ikilowa inaharibika?"

Tukamjibu kwamba inaharibika.

"Basi niacheni nitafute pa kuiweka."

Mpaka leo sijui alipaweka wapi, na sijamuuliza.