Fungate Yetu ya Pili: Ukerewe

Wanawake wenzangu, ukitaja fukwe na majengo ya kale, wote tunakimbilia Zanzibar. Nami simo nje ya hesabu. Ndoa yetu ilipotimiza miaka 10 nilitamani Nungwi na Mji Mkongwe, ila nauli ya watu wawili jumlisha hoteli, mfuko wa mtu wa Mabatini ulikataa katakata. Nikasema basi, kisiwa si tunacho hapa hapa?

Kumbe pesa haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mzee wangu. Mama yake mzazi alikuwemo ndani ya MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, yeye akiwa na miaka 12. Sato anakula, ziwani hapandi chombo. Na kutoka Mwanza mjini hadi Nansio meli huchukua kama saa tatu.

"Mama Neema, hiyo nisamehe."

Asikwambie mtu, mwanaume mwenye hofu hashindwi kwa kelele. Nilikaa kimya wiki mbili, halafu nikamtajia njia ya nyuma: basi kupitia Magu na Bunda mpaka Kisorya, kisha kivuko kifupi cha kwenda Rugezi. Ni mzunguko wa kuchosha kwelikweli. Akauliza, "Kifupi kiasi gani?" Hapo nikajua tunakwenda.

Tulipopita Igoma, yalipo makaburi ya watu wa MV Bukoba, aligeuzia uso dirisha la pili. Kivukoni alisimama katikati kabisa, mkono kwenye mlango wa basi, mpaka tukagusa Rugezi.

Ukerewe kuna mambo, jamani. Bukindo tuliliona jumba la machifu, Handebezyo tukapanda majabali hadi ziwa likatandazika chini yetu. Na ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza, mwaka 1896, aliyeandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alimaliza 1945, kitabu kikatoka kwa Kiswahili 1980! Mke anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya maneno ya mawifi na wakwe, mume anafunga safari kumfuata. Wenye ndoa kisomeni, mtajiona humo.

Fukwe zipo, mchanga safi, hakuna wa kukusumbua. Ila penye matete na maji yaliyotulia msioge, kichocho kipo, na mamba waulizieni wenyeji kwanza. Ukara hatukwenda. MV Nyerere ilipinduka huko Septemba 20, 2018, wakafa zaidi ya watu 220, na mimi sikumgusia kabisa.

Tulirudi kwa njia ile ile, machungwa ya Ukerewe tele kwenye kiroba. Tulipofika Igoma, Baba Neema akamgongea konda, tushuke. Miaka 10 ya ndoa, hajawahi kunipeleka pale. Tulikaa mpaka jua likapoa. Akatoa chungwa, akalimenya taratibu, nusu akanipa mimi.