Nauli Rahisi ya Ndege: Kutoka Mwanza Hata Dar es Salaam



Mtu akitoka mjini Mwanza na kushika njia ya kaskazini, akapita Kirumba na Pasiansi, hufika kwenye uwanja wa ndege ulio kando ya Ziwa Victoria. Asubuhi na mapema utakuta hapo watu wa kila namna: mfanyabiashara na mkoba wake, masista wawili wanaokwenda mkutanoni, mwanafunzi anayerudi chuoni, na mama wa makamo aliyekumbatia boksi la sato kwa ajili ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Ndege ikipaa, mawe makubwa ya Mwanza hubaki chini yakawa kama kokoto, ziwa hung'aa, na baada ya kama saa moja na nusu abiria wanashuka pwani. Kwa basi safari hiyo ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, na aliyeisafiri anaijua kwa magoti na mgongo wake.

Zamani wazee wetu waliitazama ndege ikipita juu ya mashamba ya pamba wakasema, "Hiyo ni ya wakubwa." Siku hizi hata mkulima na mwalimu wa shule ya msingi hupanda, maana mara kwa mara mashirika hutangaza nauli rahisi, nasi twazinunua kwa simu tukiwa tumekaa barazani. Jambo hilo ni jema, wala siandiki ili kumtisha mtu. Naandika kwa sababu nauli hizo zina mlango mpana wa kuingilia na mlango mwembamba wa kutokea, na wanaokwama mlangoni ni wale waliodunduliza senti zao kwa safari moja tu.

ZILITOKA WAPI?

Mfano uliofuatwa na wengi ulitoka Texas, huko Marekani. Mwaka 1971 shirika la Southwest lilianza kurusha ndege kati ya miji mitatu, Dallas, Houston na San Antonio, kwa nauli ndogo. Ndege zake hazikukaa sana chini. Zilishusha watu, zikapakia wengine, zikaondoka, maana ndege iliyosimama uwanjani haileti hata senti. Baadaye Ryanair la Ireland liliufuata mfano huo, na mwaka 1995 easyJet likaanza Uingereza. Hao waliongeza jambo jingine: kiti kiuzwe peke yake, na kila kitu kingine, yaani mzigo, chakula na kuchagua mahali pa kukaa, kilipiwe mbali.

Kwetu Tanzania shirika la Fastjet lilianza tarehe 29 Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na Kilimanjaro. Nauli ya chini iliyotangazwa ilikuwa shilingi 32,000, bila kodi. Watu wengi walipanda ndege mara ya kwanza katika maisha yao kwa sababu ya tangazo lile. Jirani zetu wa Kenya nao walipata Jambojet mwaka 2014. Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguliwa.

Lakini yafaa tuelewe kwamba shirika la ndege halitoi sadaka. Katika ndege yenye viti 150, viti vya bei ya chini kabisa huwa vichache. Vikiisha, bei hupanda ngazi moja, kisha nyingine, mpaka siku ya safari. Ndiyo maana watu wawili walioketi bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa nauli zinazopishana sana. Na jambo hili wengi hawalijui: baba akitafuta viti sita kwa pamoja, na vya bei ya chini vimebaki vinne, mara nyingi mtambo humpa vyote sita kwa bei ya juu. Basi, kabla ya kulipa, atazame kwanza bei ya kiti kimoja, kisha viwili, na kuendelea, apate kujua bei ilipopandia.

BEI YA TANGAZO NA BEI YA KWELI

Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu. Tuseme tangazo linasema shilingi 60,000. Unabonyeza, unaona kodi na ada za uwanja, tuseme 30,000. Unaendelea, unaulizwa juu ya begi la kwenda tumboni mwa ndege: 30,000. Kiti cha dirishani: 10,000. Bima: 8,000. Mwisho ada ya malipo: 2,000. Zile 60,000 zimekuwa 140,000, nawe hujaongeza nauli ya kurudi.

Katika Umoja wa Ulaya sheria ya mwaka 2008 inaagiza kwamba bei inayoonyeshwa iwe pamoja na kodi zote na ada zisizoepukika, na kwamba mteja asiwekewe alama ya "ndiyo" kwenye bima au kiti bila yeye mwenyewe kuchagua. Sheria ile ilitungwa kwa sababu watu walikuwa wakinaswa. Nasi tujifunze: tusilinganishe bei za ukurasa wa kwanza, tulinganishe za ukurasa wa mwisho. Na kila palipo na alama ya kukubali, tusome tumekubali nini.

Kuhusu mizigo, sisi watu wa ziwani tuna udhaifu wetu. Hatuwezi kwenda Dar mikono mitupu. Sharti tubebe sato na dagaa. Mashirika mengi ya nauli rahisi huruhusu mkononi kilo 7 tu. Boksi moja la samaki limekwisha kuzila zote, na mzigo unaolipiwa pale kaunta huwa ghali kuliko uliolipiwa mapema. Pimeni mzigo nyumbani. Mizani ya sokoni haikosekani.

SAA YA KIZUNGU NA SAA YETU

Sasa niwaeleze jambo lililotokea kigango jirani. Mzee mmoja alikuwa akimwoza binti yake Dar es Salaam. Miezi miwili kabla, mpwa wake aliona nauli rahisi katika simu akamnunulia tiketi, na kila mtu akafurahi. Tiketi ilisema Ijumaa, 07:00. Kijana alimwambia, "Mjomba, ndege ni Ijumaa saa saba." Siku ilipofika, mzee alivaa koti lake la sherehe, akafika uwanjani saa tano asubuhi ili asichelewe. Kumbe 07:00 ni saa moja asubuhi. Ndege ilikuwa imekwisha kufika Dar kitambo.

Tiketi ile ya bei rahisi haikurudishiwa fedha wala haikubadilishwa siku. Ndugu walichanga, na jioni ile akapanda basi pale Nyegezi. Ndoa ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Yeye alishuka Stendi ya Magufuli kule Mbezi saa saba mchana, na binti yake alikuwa amekwisha kuingizwa kanisani na baba yake mdogo. Mzee hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba alimlea miaka ishirini na sita, akachelewa saa tatu.

Ndugu msomaji, tiketi za ndege huandikwa kwa saa za Kizungu, mara nyingi kuanzia 00:00 hadi 23:59. Toa sita, au ongeza sita, na ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili, upate saa yetu. 07:00 ni saa moja asubuhi. 13:00 ni saa saba mchana. 19:00 ni saa moja usiku. Angalia sana ndege za usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 12 saa 00:40, maana yake ni saa sita na dakika arobaini ya usiku ule unaoanza tarehe 11 jioni. Atakayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 12 atakuta ndege ilikwisha kuondoka jana yake usiku. Mwandikieni mzee saa kwenye karatasi kwa Kiswahili, na siku kwa jina lake, wala msimwachie kuisoma simu.

JINA LA UBATIZO NA JINA LA KITAMBULISHO

Sisi makarani wa parokia tunaoshika vitabu vya ubatizo twajua jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa na majina manne. Kitabuni ni Yohane, katika kitambulisho cha taifa ni John, mtaani ni Baba Neema, na shuleni alikuwa na jina la babu. Shirika la ndege halijui hayo. Lataka jina lililo katika kitambulisho au pasipoti atakayoionyesha msafiri, herufi kwa herufi. Tiketi yenye jina jingine huweza kumzuia mlangoni, na kusahihisha jina kwenye tiketi ya bei rahisi mara nyingi kuna malipo, na pengine hakuruhusiwi kabisa.

Basi anayemnunulia mwenzake asiandike kwa kukumbuka. Aombe kitambulisho chenyewe, akiweke mbele yake, anakili. Kina mama walioolewa wajihadhari zaidi: ikiwa kitambulisho kina jina la baba, tiketi nayo iwe na jina la baba.

UWANJA UPI?

Jina la mji kwenye tiketi halitoshi. Anayekwenda Arusha huenda akashushwa Kilimanjaro, kati ya Moshi na Arusha, mwendo wa gari wa kama kilomita 50, ingawa Arusha ina uwanja wake mdogo pale Kisongo. Nairobi kuna Jomo Kenyatta na kuna Wilson. Huko Ulaya mashirika ya nauli rahisi hupenda viwanja vya mbali vyenye ada ndogo: uwanja wa Beauvais huitwa wa Paris, lakini uko zaidi ya kilomita 80 kutoka Paris. Nauli ya basi la kuingia mjini huenda ikala faida yote.

Hata Dar es Salaam, katika uwanja wa Julius Nyerere, kuna jengo la pili na jengo la tatu, na jengo la tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, ni la safari za nchi za nje. Anayetoka Mwanza na kuunganisha kwenda Roma kuhiji akumbuke kwamba sharti ahame jengo. Tena, ikiwa alinunua tiketi mbili mbalimbali kwa mashirika mawili kwa kufuata bei, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haimngojei, wala haina deni kwake. Mwenye tiketi moja ya safari nzima yuko salama zaidi, ijapokuwa amelipa zaidi kidogo.

WAUZAJI WA NJIANI

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangazo linalokuja lenyewe katika kikundi cha simu, likisema viti viwili tu vimebaki, lipa sasa kwa namba hii ya mtu, liogopeni. Wezi hutengeneza kurasa zenye rangi na alama za mashirika ya kweli, na herufi moja tu ya anwani imebadilishwa. Andikeni anwani ya shirika ninyi wenyewe, au nendeni ofisini kwao, au kwa wakala mwenye duka na stakabadhi. Mkishalipa, mtapewa namba ya kuhifadhi nafasi, mara nyingi ya herufi na tarakimu sita. Iingizeni katika ukurasa wa shirika lenyewe. Ikionyesha jina na siku ya safari, tiketi ipo. Isipoonyesha kitu, pigeni simu kwa shirika siku hiyo hiyo, wala msingoje asubuhi ya safari.

TIKETI NI MKOPO

Jambo la mwisho hufikiriwa na wachache. Anayenunua leo tiketi ya miezi sita ijayo amelikopesha shirika fedha zake. Shirika likianguka, je? Mnamo Oktoba 2017 shirika la Monarch la Uingereza lilifunga kazi kwa usiku mmoja, na abiria wapatao 110,000 walikuwa nje ya nchi. Serikali yao ililazimika kukodi ndege za kuwarudisha. Hata Fastjet yetu, iliyowafungulia wengi mlango, iliacha kuruka Tanzania mwishoni mwa 2018. Nanunua mapema, ndiyo, maana mapema ndipo penye nafuu. Lakini fedha za matibabu au za ada ya mtoto zisifungwe kwenye tiketi ya mbali kwa sababu tu bei imeshuka. Kitu ambacho hukukihitaji hakiwi nafuu kwa kupunguzwa bei.

Basi, wasomaji wapenzi, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kulipa, chukueni karatasi mwandike mambo matano: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, siku na saa ya Kiswahili, uwanja wa kuondokea na wa kufikia, uzito wa mzigo, na jumla ya fedha yote, kwenda na kurudi. Kisha ulinganishe jumla hiyo na ya basi, na kwa safari ya kutoka Dar hadi Dodoma, na ya treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024. Pengine ndege itashinda. Pengine, kwa familia ya watu sita na magunia yao, basi litashinda, wala si aibu.

Nanyi vijana mnaojua simu, wazee wetu wanawategemea. Mkiwanunulia tiketi mmeshika fedha zao, na zaidi ya fedha: arusi, maziko, miadi ya hospitali. Someni mara mbili, kisha mwasomee nao wasikie. Kuuliza si ujinga, na dakika kumi za kusoma hazijamchelewesha mtu ndege.

Safari njema, na Mungu awatangulie.