Nyumba ya nailoni na miche ya Mama

Najua nimewatupa, tangu TP iishe sijaandika kitu hapa. Nilikuwa home Masumbwe, na leo ndo nimepata nguvu ya kuwasimulia nilivyomtia Mama hasara. Mkicheka chekeni taratibu, chumba cha jirani wana test kesho.

Kwa wasiopajua, Masumbwe iko wilaya ya Mbogwe, barabara ya Kahama kwenda Ushirombo. Zamani tulikuwa Shinyanga, tangu 2012 tuko mkoa wa Geita. Watu hapa Mlimani wakisikia Geita wanauliza kama nimekuja na kipande cha dhahabu. Jamani, hata wachimbaji wanakula! Mama yangu anauza miche ya nyanya kwa wenye bustani za mabondeni, na wao nyanya zao zinaishia machimboni. Miche inatakiwa kabla mvua za kuanzia mwezi wa kumi hazijakolea, maana zikikolea bakajani haina huruma. Ukichelewesha, mteja anakwenda kwa mwingine.

Mama analea miche yake nyuma ya nyumba, kwenye tuta lenye kichanja cha nyasi. Mimi nikaona ya kizamani hiyo. Kwenye TP nilikuwa nafundisha Biology Form Two, na kuna kitabu kina picha ya nyumba ya kioo Ulaya: nje theluji, ndani nyanya zinang'aa. Nikakumbuka na ile programu ya Ofisi ya Waziri Mkuu, mwaka 2019 vijana mikoani walikuwa wanafundishwa kilimo cha kitalu nyumba. Mwishoni mwa mwezi wa nane usiku kwetu bado kuna kabaridi, tuko zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Nikamwambia, Mama, joto litaiwahisha miche.

"Haya mwalimu, wewe ndo umesoma," akasema. Akatoa elfu sitini. Wadau, hiyo ilikuwa nauli yangu ya kurudi Dar.

Nikajenga. Miti, nailoni juu, nailoni pande zote, mlango wa kiroba. Tukasia Tengeru 97, ile mbegu iliyotoka kituo cha Tengeru kule Arusha. Ikaota yote, na mimi nikawa napita nawaonyesha majirani. Nikawa namwagilia asubuhi na jioni, nafunga, matone yanashuka ndani kama chumba kinalia.

Wiki ya pili nikakuta miche imelala. Ukiivuta, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Kinyausi. Ni vimelea vya ukungu vya kwenye udongo, vinapenda unyevu, miche iliyosongamana na hewa isiyotembea. Mimi nilikuwa nimevijengea gesti kabisa. Saa nane mchana hata mimi nilishindwa kukaa mle ndani dakika tano. Wenzetu wanafunga joto kwa sababu nje baridi inaua, sisi usiku ni kabaridi tu halafu mchana jua linachoma. Ndo maana vitalu nyumba vya huku pembeni huwekwa neti. Na kile kitabu kilisema lazima hewa ipite, ukurasa wa pili wake. Sikufika.

Mama hakunigombeza, na hiyo ndo iliniuma. Alichukua kisu akakata nailoni zote za pembeni, akatundika chandarua kilichochoka kuzuia kantangaze, juu akatandaza nyasi zake. Tukachoma majani makavu juu ya udongo mpya, tukachanganya samadi iliyooza, tukasia kwa mistari, mbalimbali. Maji asubuhi tu. Nayo ya kununua, dumu mia tano, mimi ndo punda na baiskeli.

Kuanzia hapo nikawa naamka saa kumi na mbili nachuchumaa pale. Nilijua mstari wa tatu unasuasua, nilijua kona gani siafu wanapita. Mvua ya kwanza ilipodondoka nilikosa usingizi kabisa. Wiki ya nne tukaanza kuizoesha jua, nyasi zinaondolewa saa moja, kesho mbili, maji tunapunguza. Mama akawa anauliza kila jioni, "Baba, mingapi?" Siku naondoka ilikuwa 412. Nauli alikopa kwa Mama Mdogo.

Jana kapiga simu. Wateja wawili walishaenda kwingine, lakini 300 imeuzwa na deni limelipwa nusu. Nikamuuliza nailoni iko wapi. Anaanikia mpunga.

"Au kwenye kitabu na mpunga umo?"

Haya, nawahi foleni ya kafeteria.