Kwa Ndege Hadi Kisii: Dakika Angani, Saa Barabarani

Je, msomaji, umealikwa harusini Kisii au Nyamira na unajiuliza iwapo si heri upande ndege kuliko kushinda ndani ya basi? Kabla hujavunja kibubu, hebu tupige hesabu pamoja.

Kutoka Nairobi hadi mji wa Kisii, umbali wa angani ni kama kilomita 240. Kwa barabara ya Narok, Bomet na Keroka ni zaidi ya 300, kwani barabara huteremka Bonde la Ufa na kuzunguka vilima. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa ingefika kabla ya saa moja kwisha. Basi huchukua saa sita hivi.

Lakini ndege hiyo itatua wapi? Kisii ina kiwanja kidogo huko Suneka, kwenye barabara ya kwenda Migori, ambacho si stendi ya matatu useme utapata ndege wakati wowote. Aidha, mvua za huko hupenda kunyesha alasiri, upepo wa Ziwa Victoria unapopanda milimani na kujenga mawingu mazito. Rubani wa ndege ndogo huyaheshimu.

Ndiyo maana wasafiri wengi wa ndege huteremkia Kisumu, kilomita 280 hivi kutoka Nairobi, mwendo wa dakika 50. Kisha hushika barabara ya Ahero, Sondu na Oyugis, zaidi ya kilomita 100.

Sasa jumlisha. Saa moja kufika uwanjani Nairobi. Saa moja kukaguliwa na kusubiri. Dakika 50 angani. Nusu saa kuchukua mizigo na kutafuta gari. Saa mbili na nusu hadi Kisii. Hizo ni karibu saa sita! Hata ukihesabu muda wa kulifikia basi, tofauti ni ndogo, ilhali nauli ni mbingu na ardhi.

Je, ndege haina faida? Inayo. Nyanya mwenye magoti mabovu, au mgonjwa asiyeweza kukaa kitako kutwa nzima, atapumzika kila hatua. Kwa hao, usihesabu saa pekee.

Lakini ukiwa na watoto wenye afya, panda basi la asubuhi. Waonyeshe kanisa dogo karibu na Mai Mahiu lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, mashamba ya ngano ya Narok, kisha majani chai. Ukifika Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, umefika nyumbani kwa wenyeji wako.

Na wakati wa kurudi, mkungu wa ndizi utakaofungiwa na wenyeji hautapimwa kilo na mtu. Kwenye ndege, utaulipia au utauacha.