Kamati Isiyo na Posho

Zipo kazi zisizo na mshahara wala posho, na bado watu huzifanya kwa miaka mingi. Sisi tulio katika kamati za misikiti, tunaoandika mihtasari ya vikao usiku baada ya shughuli za mchana, tunazijua vyema. Tunajua pia kwamba kinachoiweka kamati hai ni kuaminiwa na watu. Imani hiyo ikiondoka, katiba na mihuri haviwezi kuirudisha. Hatukutarajia kulikuta somo hili katika mchezo wa kadi uliozaliwa Alaska.

Habari zake tulizipata kwa mpwa wetu anayesoma Uingereza, aliyekuja likizo na kasha lenye kadi 100 za majoka na mashujaa. Wazee wa nyumbani walitaka kwanza kujua kama kuna kitu kinachowekwa mezani, maana kadi na kamari ni majirani wa zamani. Akajibu kuwa hakuna. Tulipofuatilia tuliona kwamba swali la wazee lilikuwa la haki. Mchezo mama, Magic: The Gathering, ulibuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kuchapishwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Kila mchezaji hukusanya kadi zake, hupanga fungu lake, kisha humkabili mwenzake. Hapo mwanzo ilikuwapo kanuni ya kila mmoja kuweka kadi moja rehani, na mshindi akaichukua. Kanuni hiyo iliachwa zamani. Mpwa wetu hakuwa amewahi hata kuisikia.

Lakini kadi alizoleta zilipangwa kwa mtindo mwingine, ambao haukubuniwa na kampuni. Katikati ya miaka ya 1990, huko Alaska, kijana aitwaye Adam Staley na marafiki zake walitaka mchezo wa kukaa pamoja wengi, wala si wawili wawili kwa ushindani mkali. Mwaka 1994 kampuni ilikuwa imetoa toleo lenye majoka matano wakongwe. Vijana wale wakakubaliana kwamba kila mmoja awe na joka lake kama jemadari, na fungu lake liwe na kadi 100 zisizojirudia, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Wakauita Elder Dragon Highlander, jina la mwisho likitoka katika filamu ya mwaka 1986. Hata leo, ambapo jemadari aweza kuwa shujaa mwingine yeyote mashuhuri wa kadi hizo, alama ya majoka yale imebaki: mchezaji huanza na uhai wa pointi 40, lakini akipata madhara ya pointi 21 kutoka kwa jemadari mmoja hutolewa. Kila joka kati ya yale matano lina nguvu 7. Mapigo matatu yanatosha.

Mchezo ungeweza kufia palepale kwenye theluji. Aliyeubeba nje ni Sheldon Menery, askari wa Jeshi la Anga la Marekani aliyeukuta Alaska alipokuwa kazini huko. Yeye alikuwa pia mwamuzi wa mashindano ya Magic. Mwaka 2004 aliandika makala kuuhusu, akawafundisha waamuzi wenzake, nao wakawa wanaucheza usiku baada ya kazi ya kusimamia mashindano. Waamuzi husafiri; kila aliyerudi kwao alirudi nao. Baadaye ikaundwa kamati ya kanuni, watu wachache wa kujitolea, wakiutunza mchezo ambao haukuwa mali yao kwa hati yoyote.

Kilichotuvutia zaidi ni namna kamati hiyo ilivyotawala. Orodha yao ya kadi zilizopigwa marufuku ilikuwa fupi, nao hawakudai kwamba ingeponya kila ugomvi. Waliwataka wachezaji wazungumze kabla ya kugawa kadi: leo tunataka mchezo wa namna gani, mwepesi au mkali? Meza ikiridhiana, hata kanuni iliyoandikwa yaweza kulegezwa. Kwa maneno mengine, sheria kuu ilikuwa mashauriano. Kuutawala mchezo wa dunia nzima kwa njia hiyo kwahitaji subira kubwa.

Mwaka 2011 kampuni iliuona mti uliopandwa na wengine. Ikatoa mafungu matano yaliyokwisha kupangwa, ikaupa mtindo huo jina la Commander, na kuiachia kamati kazi ya kanuni. Leo ndio mtindo unaochezwa kuliko mingine yote ya Magic. Hapo ndipo fedha ilipoingia. Kampuni ilianza kubuni kadi mahususi kwa ajili ya Commander, na zile adimu zikapanda bei. Kadi moja iitwayo Mana Crypt iliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Karatasi ya kuchezea ikawa akiba ya watu, na palipo na akiba hapakosi hofu.

Menery alifariki kwa saratani mwezi Septemba 2023. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Septemba 2024, kamati ilipiga marufuku kadi nne, Mana Crypt ikiwamo, pamoja na Jeweled Lotus iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya Commander. Maelezo yao yalikuwa ya kimchezo: baadhi ya kadi hizo zilimpa mtu nguvu nyingi mno mapema mno. Lakini wengi hawakusoma maelezo, walisoma hasara. Wajumbe wa kamati walitukanwa na hata kutishiwa usalama wao. Tarehe 30 ya mwezi huohuo ilitangazwa kwamba usimamizi wa mchezo unakabidhiwa kwa kampuni. Amana ya miaka mingi ilibadili mikono kwa wiki moja. Mwezi uliofuata kampuni ikaunda jopo la wachezaji la kuishauri.

Wapo watakaosema kamati ilikosea uamuzi, na wengine kwamba ilikosea namna ya kuutangaza. Hayo yajadiliwe, kamati si malaika. Lakini sisi tunaoshika daftari tunajua tofauti kati ya kumpinga mjumbe na kumtisha. Anayepinga huja kikaoni na hoja, na kamati hujifunza kwake. Anayetisha huwafukuza waliokubali kufanya kazi bila malipo, kisha hushangaa kazi ikichukuliwa na wenye kulipwa. Kampuni yaweza kuutunza mchezo vizuri, lakini hesabu zake zina faida na hasara ndani yake, jambo ambalo daftari la kamati ile halikuwa nalo.

Wachezaji wanne wangali wanaketi meza moja na kuulizana kabla ya kuanza, na huo ndio urithi ambao hakuna aliyeweza kuuuza. Basi, ndugu msomaji, utakapokutana na mweka hazina wa kamati yenu akitoka kikaoni usiku, na uamuzi wao umekuudhi, mpinge kwa hoja. Kisha msindikize hadi kwake.